Jinsi ya Kumtambua Bingwa wa Mbio za Magari: Hatua Tisa kwa Mtazamaji wa Safari Rally

Ukisimama kando ya barabara ya Safari Rally kule Naivasha, magari ya kundi la mbele huonekana yana kasi moja. Gari linatokea, vumbi linatimka, mawe yanaruka, gari linapotea. Baada ya dakika kadhaa linakuja jingine, na jicho halioni tofauti. Jioni matokeo yakitangazwa, mmoja anaongoza kwa dakika nzima, na mwenzake gari lake limebebwa juu ya lori.

Wapenzi wengi wa mbio huieleza tofauti hiyo kwa maneno mawili: kipaji na gari. Yote mawili yana ukweli, lakini hayatoshi. Mwaka 2022 Toyota ilileta Kenya magari ya aina moja kwa madereva wake wanne, nao wakashika nafasi nne za kwanza: Kalle Rovanperä, Elfyn Evans, Takamoto Katsuta na Sébastien Ogier. Gari la aina moja, barabara moja, vumbi moja. Hata hivyo alikuwepo wa kwanza na alikuwepo wa nne.

Jibu ninaloliamini ni hili: bingwa ni dereva ambaye akiwa katika kasi ya juu bado ana akili iliyobaki. Wapinzani wake wanaweza kufikia kasi ileile, lakini wakiifikia, umakini wao wote unamezwa na kazi ya kulizuia gari lisitoke barabarani. Bingwa anaendesha kwa sehemu ya umakini wake, na sehemu inayobaki anaitumia kufikiria tairi, jiwe lililo mbele, saa na pointi. Mengine yote yanayomtenga na wenzake yanatokana na hapo.

Akili hiyo haionekani kwa macho, lakini alama zake zinaonekana. Mwongozo huu unaonyesha mahali pa kuzitafuta, tangu kabla ya mashindano kuanza hadi msimu unapoisha. Kijana anayetaka kushindana naye atafaidika, kwa kuwa yale ambayo mtazamaji anayatafuta akiwa nje ndiyo dereva anayopaswa kuyafanyia mazoezi akiwa ndani.

Utakachohitaji

Daftari na kalamu. Simu yenye intaneti ya kufuatilia nyakati. Orodha ya mpangilio wa kuanza. Ramani ya maeneo yaliyotengwa kwa watazamaji. Maji ya kunywa, kofia, na kitambaa cha kufunika pua na mdomo, maana vumbi la Bonde la Ufa halina huruma.

Hatua ya 1: Soma orodha ya kuanza kabla ya kusoma matokeo

Katika rali magari hayashindani bega kwa bega. Huondoka moja moja, yakipishana kwa dakika kadhaa, katika vipande vya barabara iliyofungwa vinavyoitwa mikondo. Muda wa mikondo yote hujumlishwa, na mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Kwa hiyo nafasi ya kuondoka ni sehemu ya mchezo wenyewe.

Ijumaa, siku ya kwanza kamili ya mashindano, anayeongoza ubingwa wa dunia ndiye anayefungua barabara. Ardhi ikiwa kavu, huyo anakuwa mfagiaji: tairi zake zinaondoa changarawe iliyolegea, na wanaomfuata wanapata njia safi yenye mshiko. Mvua ikinyesha mambo yanageuka. Wa kwanza anapata ardhi ambayo haijachimbwa, walio nyuma wanakuta matope na mifereji.

Andika katika daftari lako jina la kila dereva, nafasi yake ya kuondoka na hali ya hewa. Bila mambo hayo matatu, muda wa dereva haukuambii chochote. Aliyefungua barabara kavu akapoteza sekunde chache tu huenda amefanya kazi kubwa kuliko aliyeshinda mkondo huo akitokea nafasi ya saba. Machi 2025 Elfyn Evans alikuja Kenya akiongoza ubingwa. Alifungua barabara Ijumaa, akavumilia, na Jumapili akashinda kwa tofauti ya zaidi ya dakika moja. Hiyo ni alama ya kwanza ya bingwa: siku isiyo yake anaibana isimgharimu sana, akisubiri siku iliyo yake.

Hatua ya 2: Pima ubora wa noti

Kabla ya mashindano, dereva na msoma ramani wake huruhusiwa kupita kila mkondo mara mbili, kwa mwendo uliowekewa kikomo. Katika kupita huko dereva hutamka anachokiona, na mwenzake anaandika. Wengi hutumia namba kueleza ukali wa kona, wakiongeza umbali na maonyo: jiwe upande wa ndani, usikate kona, mtaro, daraja jembamba, kilima kisichoonyesha upande wa pili. Siku ya mashindano msoma ramani husoma noti hizo, na dereva huendesha kwa kuziamini.

Hapo ndipo ushindi unapoanza, siku kadhaa kabla ya bendera kushushwa. Dereva wa kawaida huandika barabara ilivyo. Bingwa huandika barabara itakavyokuwa baada ya magari kumi kupita. Anapoona kona yenye ukingo laini, anajua kwamba mchana mawe yatakuwa yamechimbuliwa pale, na anaandika onyo leo. Uamuzi wa kupunguza mwendo umeshafanywa akiwa ametulia, kwa hiyo siku ya mbio hauli nafasi kichwani.

Huwezi kuona daftari lake, lakini unaweza kulisikiliza. Tafuta video iliyorekodiwa ndani ya gari, fumba macho, usikilize sauti ya msoma ramani, kisha fumbua uone gari liko wapi. Utagundua kwamba gari likiwa ndani ya kona moja, msomaji ameshataja kona ya pili, pengine na ya tatu. Dereva anaendesha kona iliyopo mikononi huku akihifadhi zijazo akilini. Angalia kama mwendo wa kusoma unabaki uleule au msomaji analazimika kukimbizana na gari. Wawili wanaoelewana hawaongezi sauti hata barabara inapokuwa mbaya.

Historia ya Safari inauthibitisha ushirikiano huo. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyeshindana kwa bendera ya Kenya, alishinda mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982 akiwa na msoma ramani mmoja, Mike Doughty. Ukihesabu na ushindi wa 1973, Mehta ana jumla ya mara tano.

Hatua ya 3: Chagua kona moja, usikilize kabla ya kutazama

Kwanza usalama. Simama mahali palipoinuka, mbali na barabara, ndani ya eneo lililotengwa. Usisimame kamwe upande wa nje wa kona, maana gari likipoteza mshiko ndiko linakoelekea. Watii wasimamizi wa barabara, washike watoto mkono, na usivuke barabara kwa kudhani magari yamekwisha. Kumbuka pia kwamba eneo hilo lina wanyama.

Kisha chagua kona ya mwendo wa wastani inayokuja baada ya sehemu iliyonyooka, na ubaki hapo hapo magari yote ya mbele yapite. Mtazamaji anayehamahama haoni kitu, kwa kuwa hana cha kulinganisha.

Gari la kwanza likikaribia, tega sikio. Injini inanguruma kwa nguvu zote, halafu sauti inakatika: dereva amekanyaga breki. Gia zinashuka haraka, moja baada ya nyingine. Pua ya gari inainama, uzito unahamia tairi za mbele, na hapo gari linaanza kugeuka kabla halijafika kwenye kona yenyewe. Kwenye changarawe ndivyo inavyotakiwa: gari ligeuzwe mapema, liingie kona likiwa tayari linatazama njia ya kutokea. Mguu wa kushoto uko kwenye breki na wa kulia kwenye mafuta, yote kwa pamoja, ili gari lisiyumbe. Kisha sauti ya injini inarudi.

Sikiliza jinsi inavyorudi. Kwa madereva wengi itarudi kwa vipande: inapanda, inakatika, inapanda tena, inakatika. Kila mkatiko ni sahihisho. Dereva aliwahi mno kukanyaga mafuta, gari likateleza kupita kiasi, akaachia, akajaribu tena. Kwa bingwa sauti inarudi mara moja na inapanda moja kwa moja hadi anapotoweka. Macho yatakudanganya hapo, kwa kuwa dereva anayeteleza sana na kurusha mawe mengi huonekana ndiye mwenye kasi, na watu humpigia makofi. Anayepita kimya kimya, tairi zake za mbele zikiwa karibu zimenyooka, mara nyingi ndiye mwenye muda bora.

Andika katika daftari idadi ya mikatiko kwa kila dereva. Rudia magari yakipita mara ya pili mchana, barabara ikiwa imechimbika. Utaona orodha yako na orodha ya matokeo zikianza kufanana.

Hatua ya 4: Linganisha nyakati za vipande, usitazame muda wa mwisho pekee

Kila mkondo mrefu hupimwa muda katika sehemu kadhaa njiani, na nyakati hizo huonekana kwenye simu yako. Chagua madereva wawili wanaokaribiana, uandike tofauti yao katika kila kipande.

Unachotafuta ni mahali ambapo mmoja ameamua kutoshindana. Katika mkondo kama Kedong, ambao mwaka 2021 ulikuwa na urefu wa zaidi ya kilomita 30, kuna sehemu za haraka, na kuna sehemu zenye vumbi laini kama unga, lenye kina, ambalo wanambio huliita fesh-fesh. Chini ya vumbi hilo kuna mashimo na mawe yasiyoonekana. Utakuta dereva mmoja amepoteza sekunde nne katika kipande kibaya kisha akapata sekunde tano katika kipande kizuri. Mwingine amekwenda kwa nguvu ileile mwanzo hadi mwisho. Leo wanakaribiana. Kesho, tairi na sasipensheni za huyo wa pili zitadai deni lao.

Colin McRae wa Scotland ni somo zuri hapa. Duniani alijulikana kwa kuendesha kwa ujasiri mkubwa, na kwa magari mengi aliyoyaharibu. Lakini alishinda Safari mara tatu, 1997, 1999 na 2002, katika mashindano yaliyoogopwa kuliko yote kwa kuvunja magari. Mtu yule aliyesifiwa kwa kutopunguza mwendo alipokuja Afrika Mashariki alijua pa kupunguza. Kasi ilikuwa chaguo lake, na ndiyo maana aliweza kuiacha na kuichukua tena.

Hatua ya 5: Hesabu tairi

Gari likiondoka kituo cha huduma, tafuta taarifa ya tairi alizochagua dereva: ngumu au laini, na akiba moja au mbili. Tairi la akiba pamoja na rimu yake lina uzito wa kilo zipatazo 20. Anayebeba moja ana gari jepesi. Anayebeba mbili analipa kwa uzito lakini ananunua uhakika. Hakuna jibu moja sahihi. Kuna jibu linalofaa kwa dereva huyu, asubuhi hii, akiwa nafasi hii.

Pancha ikitokea katikati ya mkondo, dereva ana maamuzi mawili: asimame abadilishe, au aendelee na tairi lililopasuka hadi mwisho. Kubadilisha huchukua takriban dakika mbili. Mlango unafunguka, jeki inatolewa, mmoja anainua gari na mwingine analegeza nati, tairi linatoka likiwa la moto, jipya linaingia, vifaa vinarudishwa na kufungwa imara ili visiruke ndani ya gari, mikanda inafungwa tena. Wakati wote huo saa inakimbia, na vumbi la gari linalofuata linaanza kuonekana nyuma. Kuendelea na pancha huokoa muda ikiwa zimebaki kilomita chache. Zikibaki nyingi, mpira uliochanika huweza kupasua bodi na kuharibu breki.

Uamuzi huo hufanywa ndani ya sekunde mbili au tatu. Anayeupatia mara nyingi ni yule aliyekwisha kuufanya kabla ya pancha: alipoanza mkondo alishajua kwamba kuanzia kilomita fulani hatasimama. Katika daftari, andika kila pancha, ilitokea wapi, na dereva alichagua nini. Andika pia nani hapati pancha kabisa. Watu humwita mwenye bahati. Ukifuatilia misimu miwili au mitatu utaona bahati hiyo ikiwaendea watu walewale, wale wanaoacha nafasi ya kiganja kati ya tairi na jiwe la ndani ya kona.

Hatua ya 6: Mtazame siku gari linapoharibika

Kanuni za rali ni kali. Kati ya kituo kimoja cha huduma na kingine, dereva na msoma ramani peke yao ndio wanaoruhusiwa kulitengeneza gari, kwa vifaa walivyobeba ndani yake. Wakichelewa kufika kwenye kituo cha ukaguzi wa muda, kila dakika huongeza adhabu ya sekunde 10. Ndiyo maana unaweza kumwona bingwa wa dunia amelala chini ya gari kando ya barabara, suti imejaa mafuta, akifunga kitu kwa mkanda.

Hapo tazama mambo mawili: mikono na saa. Anayetapatapa hufungua kila kitu. Aliyetulia humuuliza mwenzake wana dakika ngapi, kisha hutengeneza kile kinachohitajika kulifikisha gari, na mengine huyaacha kwa mafundi.

Mwaka 2021, Safari iliporejea katika ubingwa wa dunia baada ya kukosekana tangu 2002, Sébastien Ogier alipoteza muda mwingi Ijumaa kwa hitilafu ya shokapu. Wengi walimwona ameshatoka katika hesabu ya ushindi. Thierry Neuville aliingia Jumapili akiongoza kwa karibu dakika nzima, na kasi yake haikuwa na shaka. Katika mkondo wa kwanza wa siku hiyo, Loldia, sasipensheni ya nyuma ya gari lake ikavunjika, na safari yake ikaishia hapo. Ogier, ambaye baada ya pigo la Ijumaa aliendelea kukusanya sekunde chache chache bila kulitesa gari, akashinda kwa sekunde 21.8 mbele ya Katsuta.

Mtu anaweza kusema Neuville alikosa bahati, na atakuwa sahihi. Lakini ili kunufaika na balaa la mwenzako, lazima uwe bado upo, karibu, na gari zima. Kubaki karibu baada ya kupoteza muda mwingi ni kazi ngumu ya moyo. Madereva wengi wakipata hasara hiyo hufanya moja kati ya mambo mawili: hukata tamaa, au hutaka kuurudisha muda wote ndani ya mkondo mmoja.

Hatua ya 7: Msikilize anapozungumza na mafundi wake

Mwisho wa kila mkondo madereva huhojiwa kwa sekunde chache, na maneno yao husikika moja kwa moja. Usitafute maneno matamu. Tafuta maelezo. "Gari halina mshiko" ni malalamiko. "Gari linasukuma pua nje kwenye kona za polepole, lakini kwenye za haraka liko sawa" ni taarifa ambayo fundi anaweza kuifanyia kazi jioni hiyo.

Anayeweza kusema hivyo alikuwa anaendesha na kuchunguza kwa wakati mmoja, na hiyo ni akili iliyobaki ikionekana wazi. Mafundi wana dakika chache zilizohesabiwa kituoni, na wakizidisha, adhabu inamwangukia dereva. Maelezo sahihi yanawaelekeza kwenye kasoro moja. Maelezo ya jumla yanawapotezea muda kwenye kubahatisha.

Kwa upande huu Afrika Mashariki ina mwalimu wake mkubwa. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alikuwa fundi wa magari kabla ya kuwa dereva maarufu. Mwaka 1965 alishinda Safari na ndugu yake Jaswant wakiwa na Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika, wakizishinda timu zenye uwezo mkubwa. Akashinda tena 1974 na 1976 akiwa na Mitsubishi Lancer. Katika Safari 22 alizoanza, alimaliza 19. Idadi hiyo inaeleweka vyema ukikumbuka kwamba mwaka 1963, na tena 1968, magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu. Wakenya walimwita Simba. Mikono iliyowahi kushika spana ilijua gari linapolia na linapokaribia kufa.

Kijana anayesoma hapa na alichukue hilo: ingia gereji. Jifunze kufungua shokapu, kubadilisha akseli, kusoma uchakavu wa tairi. Huhitaji gari la mashindano kuyajua hayo.

Hatua ya 8: Linganisha mwaka huu na mwaka uliopita

Usitupe daftari lako. Mwaka ujao, kabla ya mashindano, fungua ukurasa wa kila dereva uone alikosea wapi, halafu umsubiri palepale.

Rovanperä alikuja Kenya kwa mara ya kwanza 2021 akiwa na umri wa miaka 20. Ijumaa alikuwa akiongoza, kisha akanaswa katika mchanga laini wa Kedong, gari likakwama, uongozi ukapotea. Mwaka 2022 alirudi kwenye barabara zilezile, vumbi likiwa lilelile, akashinda. Oktoba mwaka huohuo akawa bingwa wa dunia mdogo kuliko wote katika historia ya rali, siku moja tu baada ya kutimiza miaka 22. Mwaka 2024 akaishinda Safari kwa mara ya pili.

Kila dereva hukosea. Mpinzani wa kawaida hukumbuka kosa kama aibu, na mwaka unaofuata hupita pale kwa woga, au kwa hasira ya kutaka kuthibitisha jambo. Bingwa hulibeba kosa kama taarifa: ni mstari mmoja mpya katika noti zake.

Hatua ya 9: Jumlisha msimu mzima

Ushindi wa siku moja unaweza kuletwa na mambo mengi. Ubingwa hujengwa kwa duru zote za mwaka, kwenye theluji, lami, changarawe na matope. Chora jedwali: duru kwa safu, dereva kwa mistari. Weka alama kwa kila ushindi, kila nafasi ya pili na ya tatu, na alama nyekundu kwa kila duru ambayo dereva hakupata kitu. Kisha hesabu alama nyekundu kwanza.

Msimu wa 2001 unaonyesha kwa nini. Colin McRae alishinda duru tatu. Tommi Mäkinen alishinda tatu, mojawapo ikiwa Safari. Richard Burns alishinda moja tu, New Zealand. Walifika duru ya mwisho, Uingereza, ubingwa ukiwa haujapata mwenyewe, na McRae akaanguka. Burns alimaliza wa tatu, na hiyo ikatosha. Alikuwa bingwa wa dunia kwa pointi 44, McRae 42, Mäkinen 41. Wengine wamewahi kuuona ubingwa huo kuwa mdogo. Mimi nauona kuwa kamili. Burns alijua siku ya kushambulia na siku ya kukubali nafasi ya tatu, na ujuzi wa kutofautisha siku hizo mbili ndio unaopimwa na jedwali la mwaka.

Makosa ya kuepuka unapohukumu

Usimhukumu dereva kwa kona moja au video moja iliyosambaa. Usichanganye ajali na ujasiri. Usimpime dereva wa nyumbani mwenye gari la daraja la chini kwa muda wa gari la kiwanda; mlinganishe na wenzake wa daraja lake. Mwaka 2022 Maxine Wahome wa Kenya alishinda daraja la WRC3 katika Safari, na ushindi huo una thamani yake kamili. Na usimpuuze dereva kwa umri wake. Björn Waldegård wa Sweden aliishinda Safari ya 1990 akiwa na miaka 46, na kwa zaidi ya miaka 30 hakukuwa na aliyeshinda duru ya ubingwa wa dunia akiwa na umri mkubwa kuliko huo.

Ukizifuata hatua hizi kwa mashindano mawili au matatu, utaacha kuuliza nani ana kasi zaidi. Utauliza nani alikuwa na nafasi ya kufikiri alipokuwa katika kasi hiyo, na daftari lako litakuwa na jibu. Kwa kijana anayetamani kushika usukani siku moja, ushauri wangu ni mmoja: jifunze kumaliza kwanza. Jiandikishe katika mashindano madogo ya klabu, leta gari nyumbani likiwa zima, kisha ongeza kasi kwa kiasi ambacho kichwa chako kinaweza kukibeba. Pointi hutolewa kwa waliofika.